Tahadhari Inamsubiri Mgeni Rasmi

Msiniulize ni nchi gani. Mkiniuliza nitawaambia ni ile inayopakana na yenu, na watu wa huko nao wakiulizwa watasema vivyo hivyo, basi tutazungushana mpaka ramani ichakae. Itoshe kusema kwamba nchi hiyo ina bendera, ina bahari, na ina Sheria ya Uzinduzi.

Sheria yenyewe ni nyepesi: kitu chochote cha Serikali hakitumiki mpaka kizinduliwe na mgeni rasmi. Kisima kikishachimbwa kinafungwa kufuli, na wananchi wanaendelea kuteka dimbwini huku wakikitazama kwa fahari. Daraja la Mto Mkunga lilipokamilika lilizungushiwa utepe, watu wakaendelea kuvuka kwa kuogelea chini yake, wakishukuru angalau wamepata kivuli. Na kama mgeni rasmi hana nafasi, humtuma mtu amwakilishe. Huyo naye akikosa nafasi, humtuma wa kwake. Ndiyo maana katika nchi ile jambo lolote la maana hufanywa na mtu ambaye hakuambiwa ni la nini.

Huko ndiko alikofanya kazi Mishi Mwakombo, mtabiri katika Mamlaka ya Anga na Mawingu. Alikuwa na akili na alikuwa na mdomo, na kila mwaka alinyimwa cheo kwa sababu ya kimoja kati ya hivyo viwili, hakuambiwa kipi.

Jumatatu moja asubuhi, Mishi alifungua picha za setilaiti akaona mawingu yamejikunja huko baharini kama mkia wa kinyonga, na katikati pana tundu. Lile tundu ndilo jicho. Akakimbilia kwenye modeli, yaani yale mahesabu makubwa ya kompyuta yanayokokotoa kesho ya upepo. Anazo tatu, na kwa kawaida hugombana kama wake wenza: hii ikisema kaskazini, ile inasema kusini, ya tatu inanuna. Siku hiyo zote tatu zilikubaliana. Hapo ndipo Mishi alipoingiwa na hofu. Zote zilichora mstari mmoja, na mstari uliishia Kidimbwini, mji mdogo wa mwambao ulio chini kuliko kitu chochote isipokuwa bahari yenyewe. Jumatano, mchana kuelekea jioni.

Kidimbwini ndiko alikoishi mama yake.

*

Mkurugenzi wa Mamlaka, Daktari Bakilana, alizitazama picha kwa muda mrefu, kama mtu anayeangalia picha za harusi ambayo hakualikwa.

"Jumatano haiwezekani," alisema. "Jumatano Mheshimiwa Waziri anazindua meza mpya ya mikutano. Iambie iwe Alhamisi."

"Nani, Mkurugenzi?"

"Hiyo modeli."

"Modeli haipangi, Mkurugenzi. Inatuambia tu."

"Hata katibu muhtasi wangu hapangi. Lakini nikimwambia ahamishe kikao, anahamisha."

"Kimbunga hakina katibu muhtasi."

Bakilana akavua miwani, akaifuta kwa tai. "Mishi, mdomo huo. Halafu naona modeli zote tatu ni za nje. Ya kwetu, ile tuliyonunua, inasemaje?"

"Ya kwetu iko stoo. Haijazinduliwa."

"Ahaa," alisema Bakilana, kwa sauti ya mtu aliyekumbushwa jambo zuri.

Mishi akavuta pumzi. Aliomba ruhusa ya kwenda redioni siku hiyo hiyo. Maneno machache tu: watu wa Kidimbwini wapande kilimani, penye shule, wakae huko hadi upepo upite. Alisema bahari itapanda juu ya ardhi, siyo mawimbi ya kawaida, maji yenyewe yatajaa na kuingia majumbani.

"Tahadhari ni mali ya nani?" Bakilana aliuliza.

"Ya Serikali."

"Imezinduliwa?"

Mishi akaanza kuzikusanya picha zake.

"Tahadhari isiyozinduliwa ni uvumi," Bakilana alisema kwa upole. "Na uvumi una kifungo. Mimi nakulinda, binti yangu, hujui tu."

*

Lakini msidhani Serikali ile ilikuwa imelala. Mchana huo huo iliundwa Kamati ya Maandalizi, nayo ikazaa kamati ndogo ya Mapambo, ya Chakula, ya Usafiri, ya Fulana na ya Kaulimbiu. Mishi alipouliza kimbunga kitashughulikiwa na kamati ipi, aliambiwa kitaingia kwenye Mengineyo.

Kamati ya Kaulimbiu ilifanya kazi ya kishujaa. Ilianza na "Ondokeni Mapema," ikaonekana kali. Ikaja "Tuondoke Pamoja," ikaonekana ya kichochezi. Hatimaye wakakubaliana: "Tahadhari ni Neema, Tuilinde kwa Amani."

Kukabaki suala la mahali. Wengi walipenda hoteli moja ya makao makuu yenye ukumbi wenye viyoyozi, lakini bwana mmoja wa Mipango, mtu wa dini ya miongozo, akakumbusha kwamba mwongozo unataka kila uzinduzi ufanyike karibu na walengwa. Walengwa wa kimbunga ni akina nani? Watu wa Kidimbwini. Basi ikaamuliwa: tahadhari itazinduliwa Kidimbwini, Jumatano, saa nne asubuhi kwa tangazo, saa yoyote kwa kweli, kwenye mchanga wa ufukweni panapoenea mahema. Na Waziri, kwa uzalendo mkubwa, alikubali kuiahirisha ile meza.

Mishi alinyoosha mkono. "Samahani. Yaani tunawakusanya watu ufukweni ili tuwaambie waondoke ufukweni?"

Wajumbe wakatazamana.

"Sasa ungewaambia wapi, dada?" aliuliza yule bwana wa Mipango. "Wakiwa wameshaondoka?"

Wakacheka wote, na kikao kikafungwa kwa chai. Dakika ya mwisho Kamati ya Usafiri ikaripoti kwamba imepungukiwa gari moja la kubeba fulana na keki. Ikaazimwa gari la wagonjwa la zahanati ya Kidimbwini.

*

Jumanne jioni Mishi alimpigia simu mama yake.

Bi. Kibibi alikuwa kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Kidimbwini, na hapakuwa na utepe uliokatwa mkoa mzima bila yeye kuzungusha mabega mbele yake. "Nimecheza bomba la maji," alipenda kusema, "likatoa upepo. Nimecheza zahanati, ikatoa daktari akaenda zake. Nimecheza mpaka choo cha soko, mwanangu, na kufuli lake liko pale hadi leo, linang'aa."

"Mama, panda kilimani kesho asubuhi," Mishi alisema. "Usingoje sherehe."

"Nipande kwa tamko la nani?"

"La kwangu."

"Wewe ni mwanangu, siyo tamko. Umewasahau watu wa Mwembe Mkole? Waliambiwa na shemeji yao wa bandarini kwamba mto utafurika, wakahama. Si walikamatwa kwa kuhama bila tamko, wakarudishwa kwenye mafuriko ili waokolewe kwa utaratibu?"

"Mama, hiki kitu kinakuja kweli."

Mishi alisikia mwiko ukigonga sufuria.

"Naamini kinakuja," Bi. Kibibi alisema. "Tangu lini wewe ukasema uongo? Ungekuwa unausema, ungekuwa na cheo. Lakini jirani yangu Mwanasha nimwache na nani? Miguu yake imekufa, unajua, na siyo yeye peke yake mtaa huu. Gari la wagonjwa limekuja kuchukuliwa adhuhuri na kijana wa wilayani. Nikamuuliza, mgonjwa nani? Akasema, fulana."

*

Jumatano ilikucha na anga rangi ya sufuria kuukuu. Watu wa Kidimbwini walikuwa wameketi chini ya mahema tangu asubuhi, wamepangwa kwa mitaa, na viongozi wa mitaa wamesimama nyuma yao kuhakikisha hakuna anayejisikia kwenda nyumbani. Mbele ilikuwa meza kuu yenye maua ya plastiki na viti vitupu vilivyovikwa satini. Wenye vile viti ndio waliokuwa wanasubiriwa.

Mshereheshaji alikuwa Pwaguzi, kijana wa pale pale mjini, aliyeweza kusema saa nzima bila kukumbana na maana njiani.

"Itifaki imezingatiwa," alitangaza, akaizingatia upya kwa kuwataja wote ambao hawakuwepo.

Saa zikaenda. Upepo ukaanza kuyavuta mahema kama mtoto anayevuta nguo ya mama yake. Simu ya kwanza ikaja.

"Ndugu wananchi," alisema Pwaguzi, "Mheshimiwa Waziri amepatwa na udhuru wa kitaifa. Atawakilishwa na Naibu Waziri. Makofi kwa udhuru."

Wakapiga makofi. Baadaye Naibu Waziri naye akapata udhuru, wa kimkoa. Akafuatia Katibu Mkuu, huyo udhuru wake haukutajwa ngazi. Mishi, aliyeketi pembeni kama mtaalamu wa kujibu maswali ambayo hakuna anayeuliza, alikuwa anahesabu mawimbi na simu. Maana alikuwa ameshaelewa. Ile taarifa yake, yenye mstari na jicho na saa, ilikuwa imepanda ngazi zote, meza kwa meza, kila mkubwa akaweka sahihi kwamba ameisoma. Walikuwa wameisoma kweli. Katika nchi nzima, wao peke yao ndio waliotahadharishwa, na wao peke yao ndio waliotii.

Simu ya mwisho iliita kwenye mkoba wake mwenyewe.

"Mishi," alisema Bakilana, "utaniwakilisha."

"Uko wapi, Mkurugenzi?"

"Hotelini. Hapa wilayani, mjini juu."

"Ghorofa ya ngapi?"

"Ya juu kabisa."

"Kwa nini ya juu kabisa?"

"Usianze maswali ya kitaalamu," alisema Bakilana, akakata.

*

Hivyo ndivyo Mishi Mwakombo alivyokuwa mgeni rasmi. Alivishwa skafu, akapewa mkasi juu ya sahani, akakabidhiwa hotuba nene kama msahafu, yenye shukrani kwa wafadhili, historia ya mawingu tangu uhuru, na tahadhari yenyewe mwishoni kabisa, baada ya aya ya mafanikio. Alikata utepe, akaiweka hotuba mezani, upepo ukaichukua karatasi kwa karatasi, akashika kipaza sauti.

"Kimbunga kinafika leo, kabla ya magharibi," alisema. "Maji ya bahari yatapanda hadi mapaa ya nyumba zenu. Nyanyukeni sasa hivi mwende kilimani."

Wakapiga makofi.

Walipiga makofi mazuri, ya moyo. Wanawake wakapiga vigelegele. Pwaguzi akaomba makofi mengine, ya kilo, kwa ajili ya tahadhari, yakatolewa. Kisha wakakaa vizuri kwenye viti vyao, na bwana mmoja wa mstari wa mbele akamwinamia mwenzake: "Bila shaka sasa wanagawa fulana."

Msiwacheke. Kucheka ni rahisi, hata mimi nilianza kucheka nikaona aibu. Watu hawa walizinduliwa maji yakatoka hewa, wakazinduliwa dawa zikatoka hotuba, wakazinduliwa umeme wakabaki na nguzo. Miaka na miaka wamefundishwa, kwa subira na kwa rungu, kwamba kitu kikishazinduliwa kimekwisha; kilichobaki ni kula pilau na kurudi nyumbani. Sasa leo anakuja mtu amevaa skafu ile ile, mbele ya maua yale yale ya plastiki, anasema hiki kinafanya kazi. Kwa nini wamwamini?

Mishi alisema tena. Wakapiga makofi tena.

Akahisi hasira inampanda mpaka machoni, lakini si kwa wale watu. Akawatazama, akamwona mama yake mbele ya ngoma, mabega tayari, akisubiri zamu yake. Na hapo akakumbuka jambo ambalo kila mtu wa nchi ile analijua kabla ya kujua kusoma: mgeni rasmi hasindikizwi na mtu mmoja mmoja. Mgeni rasmi akinyanyuka, mji mzima unanyanyuka, na akienda kukagua mradi, mji mzima unakwenda kukagua.

Akasogeza kipaza sauti. "Ndugu wananchi, kabla ya chakula, nitakwenda kukagua ujenzi wa choo cha shule, kule kilimani. Kwa miguu."

Watu wote wakasimama.

Pwaguzi alitaka kusema choo kile kilishakaguliwa, lakini Bi. Kibibi alikuwa amemwona mwanawe usoni. Akampokonya Pwaguzi kipaza sauti, jambo ambalo lilikuwa linangojwa na wengi kwa muda mrefu. "Haya, mmelala? Mgeni anaondoka. Kidimbwini hatumwachi mgeni akapanda mlima peke yake kama mkopeshaji. Piga ngoma."

Ngoma ikapigwa. Mji wa Kidimbwini ukapanda kilima ukicheza, watoto mgongoni, wazee wakishikiliwa makwapa, viongozi wa mitaa wakifuata nyuma kuhakikisha hakuna anayebaki. Hawakuwa wanakimbia kimbunga. Walikuwa wanakagua choo. Walipofika katikati ya mlima, mahema yakang'oka yote kwa pamoja na kuelekea bara, viti vya satini vikifuatana nayo, na hapo ndipo watu walipogeuka wakaiona bahari, na ngoma ikakatika.

Bi. Kibibi alimshika mwanawe mkono. "Umefanya vizuri," alisema. "Sasa niachie, nina watu chini."

"Mama, hakuna muda."

"Upo, kama mimi na wenzangu tutasukuma kwa nguvu." Alikuwa ameshawaita wanawake wa kikundi chake, na mikokoteni miwili ya wauza maji. "Mwanasha hawezi kukagua choo, Mishi. Na gari lake limebeba fulana."

Mishi alitaka kushuka naye. Bi. Kibibi akamgeuza kwa mabega, akamwelekeza kwa umati uliokuwa umeanza kuhangaika mlangoni mwa shule. "Wewe ni mgeni rasmi. Ukishuka, watashuka wote. Kaa hapo wakuone."

Ilikuwa kweli. Alikaa hapo wakamwona.

Mikokoteni ilipanda ikiwa na wagonjwa, ikashuka mitupu, ikapanda tena. Mara ya mwisho Mwanasha aliletwa na wale wanawake, amelowa mpaka kifuani, ameshika kitambaa cha kichwa kisicho chake. Walisema maji yaliwakuta kwenye kona ya msikiti, na Bi. Kibibi alikuwa nyuma, akisukuma.

*

Redio ya Taifa ilitangaza kwamba zoezi la uzinduzi lilifana.

Bi. Kibibi alionekana maji yalipoteremka, chini ya ukuta wa zahanati. Walikuwa wengine pia, waliokuwa vitandani, ambao mikokoteni haikuwahi. Gari la wagonjwa lilipatikana mjini juu, kavu, limeegeshwa kwenye ua wa hoteli aliyofikia Bakilana.

Siku ya mazishi, Waziri alikuja mwenyewe. Helikopta ilitua kwenye uwanja wa shule, akashuka na wapiga picha, na nyuma yake Bakilana. Bakilana ndiye aliyemfikia Mishi kwanza.

"Pole sana," alisema, kisha akateremsha sauti. "Lakini ile hotuba uliifupisha. Huko juu wanauliza kama kisheria tahadhari ilizinduliwa."

Mishi alimtazama. Kisha akageuka akaingia darasani walimokuwa wanawake, na Bakilana akalichukulia hilo kuwa ni nidhamu.

Jeneza la Bi. Kibibi lilikuwa limewekwa mbele ya darasa. Makaburi ya chini yalikuwa bado ndani ya maji, kwa hiyo kaburi lilichimbwa mbali, upande wa pili wa kilima, njia ndefu ya matope. Mnajua jinsi jeneza linavyokwenda mwambao: halichukuliwi na mtu, linachukuliwa na mji. Wa mbele akipiga hatua chache, tayari kuna bega linamgusa nyuma, linaingia, naye anatoka. Kila mmoja anataka thawabu yake, na maiti anaelea juu ya watu kama hana uzito.

Waziri naye alilijua hilo. Akaomba ashike pembe ya mbele. Akawatazama wapiga picha kuona kama wako tayari, akainama, akaweka bega. Bakilana akashika pembe ya pili, na nyuma wakaingia mabwana wawili wa msafara wa Waziri. Picha zikapigwa. Nzuri kabisa: uso wa Waziri umejaa uchungu, mwanga unaangukia upande unaompendeza.

Wakapiga hatua chache. Wakapiga nyingine chache. Waziri akalegeza bega kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake.

Hakuna aliyeingia.

Mishi alikuwa dirishani mwa darasa pamoja na wanawake. Aliwaona wanaume wa Kidimbwini, mamia yao, wakitembea nyuma ya jeneza, polepole, vichwa vimeinama, mikono wameifunga migongoni. Hawakuzungumza na hapakuwa na aliyepanga. Matope yalimfika Waziri kwenye vifundo vya miguu, halafu juu ya vifundo. Kiatu kimoja kikabaki njiani. Kando yake Bakilana alikuwa anapumua kwa sauti. Mpiga picha mmoja aliteremsha kamera yake, halafu akafikiri, akainyanyua tena.

Waziri akageuza shingo kadiri jeneza lilivyomruhusu. "Ndugu zangu," alisema, "nipokeeni."

Aliyekuwa karibu naye zaidi alikuwa Pwaguzi, mshereheshaji, ambaye nyumba yake ilikuwa haipo tena. Hakuwa na kipaza sauti siku hiyo, lakini njia ilipita chini ya dirisha la darasa, nayo ilikuwa kimya, na Mishi alimsikia vizuri.

"Nenda tu, Mheshimiwa," alisema Pwaguzi. "Tunakusindikiza."